Rafu Moja, Pauni 150: Shajara ya Kukusanya Vioo vya Kale

12 Januari, Jumapili

Nimeamua. Rafu moja tu, ile ya juu ya kabati la sebuleni, upana sentimita 90. Pauni 150 hadi katikati ya Septemba. Chombo kimoja kisizidi pauni 20. Masharti nimeyaandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati, maana najijua.

Ugonjwa huu nimeutoa Tanga. Kwetu kulikuwa na kabati la vyombo vya wageni, na mgeni aliyestahili vyombo hivyo sikumbuki kumwona. Juu kabisa ulikaa mrashi wa bibi, wa kioo cha buluu iliyoiva, shingo ndefu kama ya korongo, nakshi za dhahabu zimefifia pale vidole vilipozoea kushika. Ulishushwa siku ya harusi au maulidi, ukajazwa marashi, watu wakanyunyiziwa, ukarudi juu. Nilikuwa na miaka minane hivi nilipopanda kiti niuguse. Nilichapwa.

Sasa naishi Uingereza ya kati, nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na nusu saa kwa basi kutoka kwangu ndiko Stourbridge. Huko watu wamepuliza kioo tangu karne ya 17, walipofika mafundi Waprotestanti kutoka Lorraine, Ufaransa ya leo, wakifuata makaa ya mawe na udongo wa kutengenezea vyungu vinavyostahimili tanuri. Kukaa hapa nisijue lolote kuhusu kioo ni sawa na kukaa Pemba usijue harufu ya karafuu.

Leo nimenunua vifaa tu: tochi ya urujuanimno, ya aina ile ya kukagulia noti bandia, pauni 9, lenzi ya sonara, pauni 6. Zimebaki 135.

2 Februari, Jumapili

Jana nilipita maduka manne ya hisani, yale ya mitumba ambayo faida yake inakwenda kwa wagonjwa au wanyama. Kila duka lina rafu ya “kristali”. Kila kilicho kizito na chenye makali kimeandikwa Waterford, jina la kiwanda maarufu cha Ayalandi, na mimi nusura niangukie humo. Bilauri sita, pauni 18, zinameremeta kama mbele ya duka la dhahabu. Nikapindua moja. Kwenye kitako kuna jina la Waterford kwa maandishi hafifu ya ukungu, yaliyochorwa kwa asidi. Kumbe jina lenyewe ndilo linalokutoa karne ya 18. Kiwanda cha kwanza cha Waterford, Ayalandi, kilianzishwa 1783 na kufungwa 1851. Hiki chenye chapa ya asidi ni kingine, kilichoanza 1947. Bilauri nzuri, lakini si za kale. Nikazirudisha.

Nilichorudi nacho ni kibakuli cha sukari cha rangi ya feruzi, kizito, kisichopenyeza mwanga, cha kukitazama ukadhani ni kauri. Pauni 3, kwa sababu kina pengo mdomoni. Nikakipeleka dirishani na lenzi. Ndani ya kitako, kama muhuri wa sonara, kuna kichwa kidogo cha tausi.

Tausi huyo ni chapa ya Sowerby wa Gateshead, kaskazini mashariki ya Uingereza, iliyosajiliwa 1876. Kando yake kuna umbo la almasi lenye herufi kwenye pembe zake. Hili ndilo lililonikesha. Kati ya 1842 na 1883 mwenye kiwanda akisajili umbo la chombo chake alipewa almasi hiyo. Juu kabisa kuna kiduara chenye namba III, maana yake kioo. Kuanzia 1868 herufi ya pembe ya kulia ni mwaka, ya chini ni mwezi. Yangu kulia ina P, ambayo ni 1877. Chini R, yaani Agosti. Siku imesagika. (Almasi za kabla ya 1868 zina mwaka pembe ya juu, kwa hiyo angalia usisome kichwa chini ukazeesha bakuli lako kwa miaka mingi.) Tarehe hiyo ni ya kusajili umbo. Kalibu, yaani kifaa cha kukipa kioo umbo, iliweza kutumika miaka mingi baadaye.

Pauni tatu, na chombo kimenitajia kwao na mwaka wake. Watu wengi wanaoanza wanakimbilia kristali ya kuchonga au glasi za mvinyo za karne ya 18, vitu ambavyo karibu vyote havina maandishi, halafu wanabaki kumtegemea muuzaji. Kioo cha kalibu kilikuwa cha watu wa kawaida, wasioweza kulipia mchongaji, ndiyo maana hata leo ni rahisi. Kinabeba vyeti vyake mwilini. Mimi nitaanzia hapo.

Zimebaki 132.

23 Machi, Jumapili

Gulio la kwanza la msimu. Watu wanaegesha magari uwanjani, wanafungua mabuti, wanapanga vitu vyao juu ya meza au turubai. Nilitoka zamu nikaenda moja kwa moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi inauma masikio.

Mbinu yangu ni kuingiza tochi ndani ya masanduku, ambako bado kuna giza. Sanduku la saba au la nane, chini ya sahani za plastiki, kitu kikawaka kijani. Si kumeta, kuwaka, kama nyota za kubandika darini vyumbani mwa watoto. Nikazima tochi haraka, nikaokota kwanza sufuria nisiyoitaka.

“Hiyo tochi ya nini, binti?” Mzee mwenye meza alikuwa ananiangalia tangu mwanzo.

“Macho yangu mabovu, mzee.”

“Macho mabovu hayaamki alfajiri hii. Bakuli la njano ni pauni 20.”

Tukacheka wote wawili. Nilimwonyesha ufa? Hapana, haukuwepo. Nilimwonyesha kijipengo kwenye kikanyagio, yaani pale bakuli linaposimamia, akakipapasa, akasema 15, nikasema 10, tukamaliza kwa 12. Sufuria akanipa bure.

Ni bakuli la njano ya limau, wazi katikati, na kuelekea mdomoni linageuka maziwa taratibu kama tui linavyosambaa majini. Chini limeandikwa Rd (kifupi cha neno la Kiingereza la kusajiliwa) na namba inayoanzia 130 elfu. Mfumo wa namba ulichukua nafasi ya almasi mwaka 1884, ukianza na 1, na ilipofika Januari 1890 zilikuwa zimevuka 141,000. Basi hii ni 1889. Kwa umbo na rangi ni George Davidson, Gateshead pia, na mtindo wake waliuita Pearline. Kioo cha njano kilitiwa madini ya urani, ndiyo yanayowaka kwenye tochi, kikabanwa kwenye kalibu, kisha kingo zikarudishwa motoni. Sehemu iliyopata moto mara ya pili ndiyo inayofanya weupe. Katikati, ambako moto haukufika, kunabaki wazi.

Usiku nimelizungusha mezani kwa saa nzima. Upande wa nje una nundu zote za kalibu, na mishono miwili mitatu ambako vipande vya kalibu vilikutana. Ndani ni laini kabisa, kwa kuwa huko kilishuka chuma cha kushindilia. Ukipitisha kidole kwenye “mchongo” wa kalibu unateleza kama juu ya sabuni iliyotumika mara mbili. Mchongo wa kweli, wa gurudumu la kusagia, unauma.

Zimebaki 120.

24 Machi

Nimetuma picha ya bakuli linalowaka kwenye kundi la familia. Mdogo wangu: “Dada, urani? Unataka tuote pembe?”

Nimemjibu hivi. Urani ilikuwa rangi tu. Familia ya Riedel ya Bohemia, Ucheki ya leo, iliitumia miaka ya 1830 kupata njano na kijani zilizopewa jina la Anna. Kwenye vyombo vingi ni asilimia ndogo, na mionzi yake rafuni ni hafifu mno. Silii chakula humo, silisagi, na likivunjika nitazoa vipande kwa glavu. Si kila kinachowaka ni urani, pia: manganizi, iliyotiwa kusafisha rangi ya kioo, nayo hutoa kijani, ila hafifu, cha kizembe.

Amejibu kwa picha ya mbuzi.

11 Aprili, Ijumaa

Naandika kwa aibu. Karatasi kwenye mlango wa kabati inasema pauni 20. Nimelipa 65.

Ilikuwa mnada wa mtandaoni, saa tisa usiku, kazini, wazee wamelala. Chombo cha maua cha kahawia na njano, majani yamejitokeza juu ya ngozi ya kioo, na ubavuni jina: Gallé. Émile Gallé wa Nancy, Ufaransa, fundi mkubwa wa mtindo huo wa matabaka, ambapo kioo cha rangi moja hufunikwa kwa kingine kisha tabaka la juu linaliwa na asidi hadi picha ibaki. Alifariki 1904. Vyombo vyake vya kweli huuzwa kwa mamia na maelfu. Mimi nikaona 65 nikajiambia huyu muuzaji hajui alichonacho. Kumbe asiyejua alikuwa mimi.

Kimefika leo. Nimekipindua kwanza, kama ninavyojisifu kufanya. Kitako safi kama cha sahani iliyotoka dukani. Chombo kilichosimama juu ya meza na rafu miaka 120 kina mikwaruzo midogo pale kinapogusa meza, mingi, isiyo na mwelekeo, mingine juu ya mingine. Hiki hakina hata mmoja. Halafu lenzi kwenye jina. Baada ya herufi ya mwisho kuna eneo la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo ambako ngozi ya kioo ina mng’ao tofauti, bapa kidogo, kama imesuguliwa.

Hapo palikuwa na neno TIP. Romania wametengeneza vyombo vya aina hii, na vingi vimeandikwa “Gallé TIP”, maana kwa Kiromania neno hilo ni “aina” au “mtindo”. Aliyevitengeneza hakudanganya. Anayelisugua neno ndiye mwizi.

Nimemwandikia muuzaji. Amefunga akaunti.

Sitakitupa. Kimekaa mwisho wa rafu, jina limegeukia ukutani. Zimebaki 55.

17 Mei, Jumamosi

Makumbusho ya kioo ya Stourbridge, pale Wordsley. Yalifunguliwa 2022. Nauli na kiingilio sivihesabu kwenye mradi, ni chakula cha roho.

Ng’ambo ya barabara kuna mnara wa Red House, mnara wa matofali wenye umbo la chupa, kama mita 30 kwenda juu, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 18. Nilidhani ni bomba la moshi. Ni bomba la moshi, ila watu walifanya kazi ndani yake. Tanuri lilikaa katikati, mafundi wakalizunguka, na ule urefu ulivuta hewa kutoka chini kwenda juu ili moto uzidi kuwaka. Kazi iliendelea humo hadi 1936. Nilisimama katikati nikatazama juu, kwenye kiduara cha mbingu. Sauti yangu ilinirudia.

Kiwanda hiki ndicho kilichopuliza kioo ambacho John Northwood alikichonga kuwa nakala ya chombo maarufu cha Kirumi cha Portland. Weupe juu ya buluu nzito, kwa mkono, miaka mitatu, hadi 1876. Nakala ilipasuka kabla hajamaliza. Akaiunga, akaendelea kuchonga. Nimelifikiria hilo basi zima nikirudi: mtu amekaa na kitu miaka, kinapasuka mbele yake, na kesho asubuhi anashika patasi.

8 Juni, Jumapili

Gulio la Jumapili iliyopita. Vitu viwili: kijagi cha maziwa cha kioo cha waridi, pauni 4, na dekanta, chupa ya kumiminia mvinyo, yenye pete tatu shingoni, pauni 14. Pete si urembo tu, ni mahali pa vidole mkono ukiwa na mafuta.

Dekanta iliuzwa rahisi kwa sababu kizibo kilikuwa kimekwama na tumbo lina ukungu. Kizibo kimenichukua siku tatu. Tone la mafuta ya kupikia kuzunguka mdomo, nikaiacha karibu na radieta, nikaongeza tone, kesho yake tena, kisha nikagonga polepole kwa mwiko wa mbao, upande huu na upande ule. Siku ya tatu kilitoka na mlio kama wa mtu anayemeza. Kwenye mzizi wa kizibo imekwaruzwa namba 17. Kwenye mdomo wa shingo pia 17. Wametoka pamoja kwa fundi na hawajaachana. Ukikuta namba mbili tofauti, jua ni ndoa ya dukani.

Ukungu nimeupa siki, mchele na maji vuguvugu, nikatikisa. Nusu umetoka, ule wa chokaa. Nusu umebaki, nao hautatoka: hapo maji yaliyosahauliwa yamekula ngozi ya kioo yenyewe, na dawa yake ni fundi wa kuisugua upya kwa mashine. Naiacha ilivyo.

Ni kioo cha risasi, yaani kilichotiwa madini ya risasi. Nyumbani kwangu mvinyo hauingii, lakini hata sharubati ya ukwaju sitailaza humo. Tindikali huchomoa risasi taratibu. Itakaa tupu.

Zimebaki 37.

29 Juni

Kijagi cha waridi kimevunjika. Nilikiosha. Maji ya bomba yalikuwa ya moto kuliko nilivyodhani, nacho kilitoka kwenye dirisha la baridi. Tik. Mpini umebaki mkononi.

Kanuni ni kitambaa ndani ya sinki, maji vuguvugu, kimoja kimoja. Nililijua hilo. Nilikuwa nimechoka.

3 Agosti, Jumapili

Maonyesho ya wauza vya kale, ndani ya ukumbi. Hapa watu hawatandiki turubai. Mama mmoja mwenye meza ya glasi ndogo ndogo alinikuta nimesimama muda mrefu, akanivutia kiti, akaniambia: shika, kama hushiki hutajua.

Nilishika glasi kama kumi. Nyingine zina tanzu nyeupe zilizosokotwa ndani ya mguu kama uzi ndani ya mshumaa, za kati ya miaka ya 1750 na 1780, na bei zake nilizitazama tu. Alinionyesha kupapasa chini. Fundi akimaliza kupuliza huigandisha glasi kwenye fimbo ya chuma, pontili, ili amalizie mdomo. Ikivunjwa kutoka kwenye fimbo inabaki na kovu. Kwenye glasi hizi kovu linakwaruza kidole. Ndiyo maana kikanyagio chao kimeinuka katikati kama kofia ya pia: kovu lisiguse meza ya bibi mwenye nyumba. Na ni kipana, aghalabu kuliko mdomo wa glasi. Baadaye mafundi walizoea kulisugua kovu likawa kishimo laini, alama ya dole gumba.

Aligonga moja kwa ukucha, polepole. Ililia muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Ni risasi hiyo, mapishi ambayo George Ravenscroft wa London aliyapatia hati 1674, na Waingereza wakaacha kuwategemea mafundi wa Venisi, Italia. Kisha serikali ikaona fedha: kuanzia miaka ya 1740 kioo kikatozwa kodi kwa uzito wa malighafi, na glasi zikaanza kukonda. Kodi iliondolewa 1845. Unaweza kuishika sheria ya bunge kiganjani.

Nimenunua glasi ya jeli. Kidude cha urefu wa kiganja, umbo la tarumbeta, kilichotiwa vitamu mezani na kuliwa kwa kijiko. Mwishoni mwa karne ya 18. Mdomo una pengo dogo, ndiyo sababu ni pauni 18 na si zaidi. Kovu lipo, linakwaruza. Ukiinamisha kwenye mwanga unaona kiputo kimoja kirefu ndani ya kuta, pumzi ya mtu.

Zimebaki 19.

14 Septemba, Jumapili

Rafu: kibakuli cha tausi, bakuli la limau, dekanta namba 17, glasi ya jeli, mpini mmoja wa waridi, na Mromania anayeangalia ukuta. Bado kuna nafasi ya sentimita 30 hivi. Nimeiacha wazi kwa makusudi.

Jioni nilimpigia mama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba mwanangu. Umelala leo?”

“Nimelala. Mama, ule mrashi wa bibi bado upo?”

Kimya. “Unautakia nini?”

Nikamweleza. Kwamba karne ya 19 huko Bohemia, Ucheki ya leo, walipuliza vyombo vya buluu na kuvichora dhahabu kwa masoko ya Waturuki na Waarabu, mirashi ikiwemo. Kwamba nataka aushushe, aupindue, aniangalizie kitako. Kuna kishimo laini? Kuna kovu? Kuna namba iliyoandikwa kwa dhahabu, ya yule mchoraji wa nakshi? Na pale unapokaa, kuna mikwaruzo?

“Niupindue?”

“Polepole, mama. Juu ya kitanda.”

“Wewe nilikuchapa kwa kuugusa tu.”

“Najua.”

“Nikifa utaupindua utakavyo.” Akakata simu.

Saa nne usiku picha ikaingia. Shuka la maua, taa ya darini, mrashi umelazwa kama mtoto. Buluu ile ile. Kitako kimeelekea kwenye kamera, na juu yake, katikati kabisa, dole gumba la mama.

Nimemwomba apige nyingine. Amejibu kesho, umeme umekatika.